Bunduki za Udunguaji za Mjerumani: Jinsi Zilivyopimwa Shabaha, na Namba za Kuziangalia kwa Jicho Kali

Hapa Tanga, ukikaa barazani Chumbageni au ukitembeza wageni Raskazone, hukosi kusikia kwamba Novemba 1914 Mjerumani alikuwa na bunduki za kumdungua mtu kutoka kilometa mbili, kutoka juu ya mibuyu, na ndiyo sababu jeshi la Mwingereza lililoletwa kutoka India, watu wapatao 8,000, likarudishwa baharini na watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, waliokuwa kama 1,000. Hadithi tamu, lakini upande wa silaha imechanganya mambo. Mpango wa jeshi la Ujerumani wa kutoa bunduki zenye darubini ulianza kushika kasi baada ya vita kuganda kwenye mahandaki ya Ulaya, yaani kuanzia mwisho wa 1914 na hasa 1915. Askari wengi waliopigana Tanga walishika kitu kingine kabisa.

Walishika bunduki ya Kijerumani ya zamani, Mauser ya mwaka 1871. Risasi moja moja, kipenyo cha milimita 11, kichwa cha madini ya risasi chenye uzito wa takriban gramu 25, kikisukumwa na baruti nyeusi kwa kasi ya mita 430 hivi kwa sekunde. Kila mlio ulitoa wingu la moshi, na adui alijua papo hapo mpigaji yuko kichaka gani. Kwa mwendo ule, risasi hutumia karibu sekunde 0.9 kufika mita 300, na njiani huanguka zaidi ya mita 3 kutoka kwenye mstari wa mtutu. Ukikadiria kwamba shabaha iko mita 300 kumbe iko 350, risasi itapiga takriban sentimita 80 chini ya ulipolenga. Mtu amesimama, unampiga gotini au unachimba mchanga mbele yake. Hapo sijaanza kuutaja upepo.

Sasa linganisha na Gewehr 98, bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1898, iliyokuwa mikononi mwa sehemu ndogo tu ya jeshi la Lettow-Vorbeck wakati huo. Milimita 7.92, mtutu wa milimita 740, mifereji minne ndani inayozunguka kulia, mzunguko mmoja kila milimita 240. Risasi yake yenye ncha kali, iliyoitwa S, ilikuwa na kichwa cha takriban gramu 10 na kasi inayokaribia mita 890 kwa sekunde. Kufika mita 300 hutumia kama sekunde 0.4 na kuanguka chini ya mita 1. Kosa lile lile la mita 50 katika kukadiria umbali linagharimu takriban sentimita 20 tu. Huo ndio ubora wake mkubwa, na hauhusiani na "kupiga tundu moja". Ni njia ya risasi iliyonyooka inayosamehe makosa ya macho.

Na ile kilometa mbili imetoka wapi? Imeandikwa kwenye bunduki yenyewe. Kilengeo cha nyuma cha Gewehr 98 kina namba kutoka 400 hadi 2,000. Wengi wanaoziona huzisoma kama ahadi ya kiwanda, ilhali zilikuwa za kikosi kizima kumimina risasi pamoja kwenye eneo, kwa mfano safu ya wanajeshi inayopita barabarani mbali. Mpigaji mmoja na shabaha ya ukubwa wa mtu kwa umbali huo ni bahati nasibu.

Basi tuulize swali la mafundi: bunduki ilipotoka kiwandani, nani aliamua kwamba inalenga vizuri, na kwa kipimo gani? Binafsi naona hapa ndipo mijadala mingi ya mitandaoni inapopotea. Watu hurushiana namba, huyu sentimita 3, yule sentimita 9, bila kujua kwamba huenda wote wanazungumzia bunduki moja.

Ilichaguliwa, haikuundwa upya

Bunduki ya mdunguaji wa Kijerumani wa vita vyote viwili haikuwa na mtutu wa ajabu. Ilikuwa bunduki ya kawaida iliyopita jaribio la kiwandani, ikaonekana inakusanya risasi vizuri kuliko wenzake, ikawekwa kando na kufungwa darubini. Kwenye Gewehr 98 mpini wa bolti ulipindwa chini na kitako kikachongwa pembeni ili mkono upite bila kugonga darubini. Darubini zilitoka kwa watengenezaji mbalimbali, kama Goerz, Zeiss na Hensoldt, nyingi zikikuza mara 3 au 4.

Kabla ya hapo, vita vilipoanza, zilikusanywa bunduki za wawindaji wa Kijerumani zilizokuwa tayari na darubini. Nyingi zilichongewa risasi ya zamani ya mwaka 1888, ambayo kichwa chake kina kipenyo chembamba kuliko cha S. Mtutu wa zamani una kipenyo cha takriban milimita 8.07 ukipima kutoka mfereji hadi mfereji, mpya 8.20. Kulazimisha kichwa kinene kupita kwenye mtutu mwembamba kunapandisha shinikizo hadi pabaya, kwa hiyo bunduki hizo zilipigiliwa kibati kitakoni chenye onyo la kutumia risasi ya 88 tu. Kinyume chake nacho kina shida yake, ila si ya hatari: kichwa chembamba kwenye mtutu mpana hakishiki mifereji, kinatoka kikiyumba, na kwenye ubao wa shabaha utaona tundu la mviringo uliovutwa kama yai badala ya tundu safi. Ukiona matundu ya hivyo, usihangaike na darubini. Angalia risasi na mtutu.

Kabla ya risasi ya kwanza

Jaribio la shabaha lilianza kwa geji (kifaa cha kupimia upana wa ndani ya mtutu) na macho. Ndani ya mtutu uwazi kati ya kuta zilizoinuka katikati ya mifereji unatakiwa kuwa karibu milimita 7.90, na mara nyingi utakuta namba kama hiyo imegongwa kwenye chuma chenyewe. Bunduki zilizopita ukaguzi wa jeshi zilipigwa mihuri: enzi za Kaiser herufi yenye taji juu, enzi za vita vya pili tai na namba ya ofisi ya ukaguzi. Muhuri unathibitisha kwamba mkaguzi aliipitisha siku ile. Hausemi chochote juu ya miaka zaidi ya 80 iliyofuata.

Mdomo wa mtutu ndio sehemu ya kwanza ya kutazama kwenye bunduki kuukuu. Hapo ndipo risasi inapoachana na chuma, na gesi ikivuja upande mmoja mapema kuliko mwingine, kichwa cha risasi kinapigwa kikumbo. Adui mkubwa wa mdomo si vita, ni usafi: fimbo ya chuma iliyoingizwa kutoka mbele, siku baada ya siku, inakwangua upande mmoja. Bunduki za bolti zinaweza kusafishwa kutoka nyuma, na kuanzia 1934 jeshi la Ujerumani lilitoa kijisanduku chenye mnyororo wa alumini wa kuvutwa kutoka nyuma kwenda mbele, ili chuma kigumu kisiguse mdomo.

Kisha mbao. Skrubu mbili zinafunga chuma kwenye kitako, ya mbele na ya nyuma, na kila moja ina skrubu ndogo ya kuizuia isilegee. Ya mbele ikilegea, matundu yanajipanga wima ubaoni kama ngazi. Mbao ya mti wa jozi ikivuta unyevu inavimba na kuusukuma mtutu upande mmoja, na kundi zima la matundu linahama bila mtu kugusa kitu. Kwa hali ya hewa ya mwambao, ambako hata chumvi ya mezani huganda, hili si jambo dogo: bunduki iliyorekebishwa wakati wa kaskazi, msimu mkavu, inaweza kupiga pengine masika yakiingia. Ndiyo faida moja ya vitako vya mbao za matabaka yaliyogandishwa kwa gundi vilivyotumika kwenye Karabiner 98k, bunduki fupi ya vita vya pili iliyotokana na Gewehr 98. Ni vizito na wengine wanasema havina sura, lakini havipindi ovyo.

Jinsi ya kupiga jaribio lenyewe

Umbali wa kawaida wa kupima ni mita 100. Sababu ni ya kiufundi: kwa umbali huo upepo na tofauti ndogo za kasi bado hazijaharibu kitu, kwa hiyo unachokiona ubaoni kinatokana zaidi na bunduki yenyewe. Bunduki hulazwa juu ya mfuko wa mchanga au kwenye mtambo wa kuishika. Mfuko hukaa chini ya mbao, si chini ya mtutu, na mahali pale pale kila mara. Ukiegemeza mtutu wenyewe kwenye kitu kigumu, unautupa upande wa pili kila risasi inapotoka, na kundi litahama.

Kwenye Gewehr 98 kuna mtego. Kilengeo chake cha chini kabisa ni mita 400, kwa hiyo ukilenga katikati ya ubao ulio mita 100, risasi itatua takriban sentimita 25 hadi 30 juu. Hakuna kasoro hapo. Unachora alama ya kulengea chini na kuacha nafasi ya kutosha juu yake. Karabiner 98k ina namba kuanzia 100, kwa hiyo haina usumbufu huo.

Risasi ya kwanza au mbili kutoka kwenye mtutu wenye mafuta huenda pengine. Zipige kwenye ubao mwingine. Kisha piga polepole, mtutu upoe kati ya risasi na risasi, kiasi cha kuweza kuushika kwa mkono bila kuuachia. Ukiharakisha, chuma kinapanuka, kinagusa mbao, na matundu yanaanza kupanda au kutembea upande mmoja kwa mpangilio. Mstari unaotembea kufuata joto ni kasoro ya mbao na mtutu kugusana. Makundi mawili yaliyotengana ni kitu kilicholegea na kinachoruka kati ya sehemu mbili, mara nyingi kikalio cha darubini.

Kwa bunduki ya mdunguaji kuna jaribio jingine ambalo nalithamini kuliko yote: ubao wa risasi ya kwanza. Mdunguaji hapigi kumi mfululizo, anapiga moja kwa mtutu baridi. Kwa hiyo chukua ubao mmoja, piga risasi moja asubuhi, utoe, uuweke, rudia siku nyingine kwenye ubao ule ule. Baada ya risasi kumi za siku kumi unapata kundi la kweli la kazi yake, na mara nyingi ni pana kuliko lile lililopigwa kwa kikao kimoja.

Kurekebisha kilengeo baada ya kundi kuna kanuni rahisi: kilengeo cha mbele kinalifuata kosa. Kundi likiwa kushoto, kigonge kwenda kushoto. Likiwa juu, weka kirefu zaidi. Kwenye Karabiner 98k umbali kati ya vilengeo viwili ni milimita 500, kwa hiyo kila sehemu ya kumi ya milimita mbele inahamisha kundi sentimita 2 kwa mita 100. Hesabu kwanza, kisha ndiyo ushike nyundo.

Kusoma ubao

Hapa ndipo penye uhondo. Njia za kuandika matokeo ziko kadhaa na kila jeshi lilikuwa na mazoea yake. Njia ya kwanza ni ya kupita au kufeli: unachora mstatili au duara la ukubwa uliowekwa, unapiga idadi fulani, na idadi fulani lazima iingie. Ni ya haraka, inafaa kiwanda kinachotoa maelfu. Njia ya pili ni kupima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Hii ndiyo wapenzi wa bunduki wa leo wanayoiita kundi. Waingereza wa karne ya 19 walipenda wastani wa umbali wa kila tundu kutoka kitovu. Warusi walitumia nusu kipenyo cha duara linalobeba nusu ya matundu, na jingine linalobeba yote.

Vitabu vya Kijerumani vya upigaji vilipenda ukanda wa asilimia 50. Unapima mtawanyiko wa wima peke yake na wa ulalo peke yake, na kwa kila mmoja unauliza: ukanda upana gani unabeba nusu ya matundu, zile za katikati?

Tufanye mfano. Risasi 12 kwa mita 100, urefu wa kila tundu kutoka mstari wa chini wa ubao, kwa sentimita: 1.5, 2.8, 3.6, 4.2, 4.7, 5.1, 5.6, 6.0, 6.6, 7.3, 8.1, 10.5. Jumla ni 66, ukigawa kwa 12 unapata 5.5. Hicho ndicho kitovu cha kundi kwa wima, na ndicho kinachotumika kurekebisha kilengeo, si tundu linalokufurahisha zaidi. Sasa ondoa robo ya chini, matundu matatu, na robo ya juu, matatu. Yanabaki sita ya katikati. Mpaka wa chini uko katikati ya 3.6 na 4.2, yaani 3.9. Wa juu uko katikati ya 6.6 na 7.3, yaani 6.95. Upana wa ukanda: sentimita 3.05.

Lakini kutoka tundu la chini kabisa hadi la juu kabisa ni sentimita 9.

Ubao mmoja, bunduki moja, siku moja. Mmoja ataandika "wima sentimita 3" na mwingine "wima sentimita 9" na wote wamesema kweli. Kanuni ya zamani ya wapiga mizinga inasaidia: ukanda wa nusu mara nne unabeba takriban matundu yote, zaidi ya asilimia 99. Kwa hiyo ukikuta namba ya Kijerumani ya enzi hizo inakushangaza kwa udogo, kabla ya kusifu, uliza kama ni ukanda wa nusu au kundi zima.

Uliza pia idadi ya risasi. Bunduki ile ile yenye mtawanyiko ule ule itatoa kundi dogo ukipiga chache na kubwa ukipiga nyingi, kwa sababu kila risasi ya ziada ni nafasi nyingine ya kwenda mbali. Tukichukua mchepuko (kipimo cha jinsi matundu yanavyoachana na kitovu) wa bunduki ya mfano wetu kuwa karibu sentimita 2.3 kwa wima na kwa ulalo pia, wastani wa kundi la risasi 3 utakuwa takriban sentimita 5.5, la risasi 5 takriban 7, na la risasi 10 takriban 8.8. Hakuna kilichobadilika isipokuwa idadi.

Tena huo ni wastani. Kundi moja la risasi 3 linaweza kupotoka kutoka wastani wake kwa zaidi ya theluthi, la risasi 5 kwa robo hivi, la 10 kwa chini ya sehemu moja ya tano. Ndiyo maana yule anayepiga makundi kumi ya risasi tatu na kupiga picha lile moja dogo kuliko yote hadanganyi kwa maneno, anadanganya kwa kuchagua. Kiwanda nacho kilikuwa na udhaifu huo huo. Ukipima maelfu ya bunduki kwa risasi chache kila moja na kuchukua zilizofanya vizuri, baadhi ulizochukua ni nzuri kweli, na baadhi zilikuwa na bahati siku ile. Dawa ni kuzirudia zile zilizochaguliwa kwa kundi la pili, na kwa hesabu hii, bunduki iliyopita mara mbili ina thamani kuliko iliyong'ara mara moja.

Darubini inaongeza matatizo yake

Darubini haikazi kundi la mtutu. Inapunguza kosa la jicho tu. Na inaleta viungo vipya vya kulegea. Nyingi za Kijerumani zilikuwa na ngoma moja (kirungu cha kuzungusha) juu, yenye namba za mamia ya mita, kwa ajili ya kupanda na kushuka. Kushoto na kulia kulirekebishwa kwenye kikalio cha nyuma kwa skrubu mbili zinazosukumana, kazi ya fundi mwenye bisibisi ya kufaa, si ya askari kichakani. Ngoma ile ilichongwa kwa kufuata njia ya risasi fulani. Risasi ya S ya gramu 10 na ile nzito ya sS ya gramu 12.8 hazianguki sawa, kwa hiyo ngoma ya moja ikitumiwa na nyingine inakubaliana kwa karibu na kukudanganya mbali.

Vikalio vya makucha vilikusudiwa darubini itoke na kurudi. Kipime hivyo: piga kundi, toa darubini, irudishe, piga kundi jingine, rudia. Kinachopimwa ni kuhama kwa kitovu, si upana wa kundi. Makundi yakiwa mazuri lakini kila moja limekaa mahali pake, makucha yamelika. Kwenye Karabiner 98k yenye reli fupi ya pembeni, mtikisiko ulikuwa unalegeza skrubu za reli yenyewe, na baadaye zikaongezwa skrubu za kuzuia na pini. Bunduki ya aina hiyo ikikuonyesha kundi lililogawanyika, anzia relini.

Darubini hizo pia hazikuwa na marekebisho ya umbali wa kuona kama za leo. Jicho likihama pembeni kidogo, msalaba unahama juu ya shabaha. Shavu likae pale pale kila risasi, la sivyo unapima shingo yako.

Upepo, joto, na risasi za Ghuba ya Manza

Chukua tena bunduki ya mfano. Kwa mita 300 ukanda wake wa nusu unakuwa kama sentimita 9, na ubao wa upana wa sentimita 40 ungepigwa karibu kila mara. Sasa leta upepo wa pembeni wa mita 4 kwa sekunde, upepo wa kawaida kabisa wa mchana pwani. Risasi ya S itasukumwa takriban robo mita, yaani nje ya ubao. Ile ya Mauser ya 1871 itasukumwa zaidi ya nusu mita. Kwa hiyo ukifika mita 300 swali si tena bunduki ilipimwaje Ujerumani, ni kama mpigaji anajua kusoma minazi inavyoinama. Joto nalo: hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kwa takriban asilimia 5 kuliko ya nyuzi 15, na baruti yenye joto huchoma kwa nguvu zaidi, hivyo risasi iliyorekebishwa kwenye baridi ya Ulaya huelekea kupiga juu kidogo huku, na tofauti inakua kadiri umbali unavyokua.

Lakini kitu kinachoharibu shabaha ya mbali kuliko vyote ni risasi zisizolingana. Kasi ikitofautiana kwa asilimia 1, anguko linatofautiana kwa takriban asilimia 2. Kwa mita 100 huoni kitu. Kwa umbali ambao risasi huanguka mita 8, asilimia 2 ni sentimita 16 juu au chini, na hakuna mtutu wa kulitibu hilo. Ndiyo maana jaribio la maana hutumia risasi za toleo moja, kutoka sanduku moja, na namba ya toleo huandikwa ubaoni pamoja na tarehe.

Mkoa wetu una mfano mkubwa wa jambo hili. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza ikaingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na kuungua. Waingereza waliamini imekwisha. Wajerumani wakaopoa shehena, zikiwemo Mauser za kisasa na mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya bahari. Risasi zilifunguliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Kwa idadi ile na mazingira yale, usawa wa kiwanda haukuwezekana: baruti iliyokauka zaidi au kidogo, kichwa kilichokazwa zaidi au kidogo, kapsuli (kiwashio cha baruti) iliyoonja maji. Zingine hazikulia kabisa. Zilizolia zilitosha kwa vita vya vichakani vya mita 100 au 200. Kwa upigaji wa mbali, wima ungetawanyika, hata bunduki ingekuwa bora kuliko zote zilizotoka kiwandani.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kapsuli za zamani. Nyingi zilikuwa na potasiamu kloreti, inayoacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu wa hewa. Kwenye hewa ya mwambao mtutu ulioachwa bila kuoshwa huanza kutu haraka mno, wakati mwingine usiku mmoja tu. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo. Maji ya moto ndiyo yanayoiondoa, kisha unakausha, ndipo mafuta. Mitutu mingi ya zamani iliyooza ndani iliuawa na mtu aliyepaka mafuta juu ya chumvi akidhani amesafisha.

Na kama unapima bunduki kuukuu kwa ajili ya makumbusho au utafiti, karibu kila nilichoeleza hapa juu kabla ya risasi ya kwanza kinaweza kufanywa bila kupiga: geji, mdomo, mihuri, skrubu, mbao, kikalio. Kumiliki silaha kunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali hutafutwa kabla ya kuishika, si baada. Ukiokota risasi za zamani ufukweni Manza au shambani, usizianike, usizifungue, usizigonge kuona kama bado zinafaa. Weka alama mahali ulipoziona na uwaite polisi.